Chakula cha Mtu Mmoja

Mwezi wa tatu, Guangzhou, kuta zinatoka jasho. Sisemi hivyo kwa madoido. Upepo wa kusini unaleta unyevu, unyevu unajipaka ukutani, sakafuni, kwenye vioo vya madirisha, mpaka unaamka unakuta ndala zako zimelowa na nguo ulizoanika tangu juzi bado mbichi. Wenyeji wanafunga madirisha na kungoja upite. Mimi mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi mitano na nilikuwa na njaa, kwa hiyo msimu ule naukumbuka kama mtu anavyokumbuka homa, vipande vipande, na kila kipande kina ukungu.

Nilikuwa naota chakula mchana kweupe. Nakaa maktaba, nafungua kitabu cha kusafisha maji machafu, ambayo ndiyo kazi niliyokwenda kuisomea, na kabla sijageuza ukurasa niko jikoni kwa mama yangu, Singida. Mlenda uko kwenye bakuli, ugali wa mtama umefunikwa, na kila nikinyoosha mkono ugali unasogea kidogo, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayempisha mwenzake kitini. Naamka nakuta mate yamelowesha maelezo ya chujio la mchanga. Nilikuwa nafuta kwa mkono wa sweta nikiangalia huku na huku, maana Wachina wale wanafunzi wenzangu hawakuwa na shida na mtu kulala maktaba, ila kutoa mate sijui.

Daktari wa kliniki, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Alirudia polepole ili Kichina changu kimfikie. Nile zaidi, na nile mara kwa mara. Kwenye mahudhurio ya Mei angempima tena, na kama hajaongezeka angeniandikia barua ya kusimamisha masomo, nipande ndege nirudi kwetu kabla tumbo halijawa kubwa la kuzuiliwa uwanjani. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari wa falsafa. Sampuli zangu za maji zilikuwa kwenye friji la maabara, na mtu akiondoka, sampuli zake zinamwagwa. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: nile mtoto akue, au nirudi nyumbani mikono mitupu. Nikatoka pale nimeshika tumbo kama nimeibiwa.

Na kula ndiko kulikokuwa shida. Pesa ya kujikimu kutoka serikalini kwetu ilikuwa imekwama tangu muhula uanze, na kila tukiuliza tunaambiwa iko njiani. Mume wangu, mwalimu wa sekondari aliyebaki Singida, alijua nina mimba, tuliipata likizo niliyokwenda nyumbani. Hakujua nina njaa, na sikuwa na mpango wa kumwambia. Angeuza pikipiki, namjua.

Sasa niwaeleze meza yetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Mchana tulikuwa tunakula watatu, mezani kwenye kona ya kantini ya chuo, chini ya feni iliyokuwa inazunguka ikijisikia. Mmoja alikuwa Mkenya wa Kisumu, nimwite dada, ambaye anakwenda soko la Shiling kununua mikoba ya ngozi na kuituma Nairobi. Mwingine alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mkubwa kwetu kwa umri na kwa mwili, mwenye kazi ya kupakia mizigo ya watu inayokwenda bandarini Nansha. Huyo tulimwita mama mkubwa. Wote wawili walikuwa wamejiandikisha kozi fupi ya lugha pale chuoni, asubuhi darasani, mchana biashara. Wanafunzi wa kozi fupi hawakupewa kadi ya kantini. Mimi nilikuwa nayo. Basi wao wananipa pesa ya kujazia, mimi nagusisha kadi kwenye mashine, tunachukua sinia moja, tunajaza wali, mayai na nyanya, mboga za majani, na kama siku ni njema nyama ya bata, tunakaa, tunanawa kwa maji ya chupa, tunakula kwa mkono. Watu walikuwa wanatuangalia. Dada anawakaribisha kwa Kichina chake cha sokoni, nao wanacheka wanainamia simu zao.

Jioni zamu yao. Wanapika chumbani kwao mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya juu ya maduka ya jumla, halafu mmoja ananiletea hotpoti bwenini. Ugali, dagaa, wakati mwingine sombe, kisamvu cha kwao mama mkubwa. Ndivyo tulivyoishi, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mahali fulani anayeangalia. Kabla ya mimba tulishiba vizuri. Baada ya pesa ya serikali kukwama, na biashara ya dada kuyumba, sinia lilikuwa lile lile ila wali ulipungua, na watu wawili ndani ya mwili mmoja wakawa wanagombania theluthi ya sinia.

Mama mkubwa ndiye aliyesikia kwamba serikali ya mkoa ina msaada wa chakula kwa wanafunzi wenye dhiki, na kwamba wageni nao wanaruhusiwa kuomba. Aliniambia niende. Nikamwambia mimi siendi kuomba chakula nchi ya watu. Nina mdomo mimi, mama yangu anasema nilizaliwa nikibisha. Alinitazama tumboni tu, muda mrefu, mpaka nikavuta sweta.

Nikaenda. Ofisi ya msaada pale chuoni ilikuwa ghorofa ya chini, nayo kuta zake zinatoka jasho kama zetu, karatasi zimejikunja pembeni kwa unyevu. Pale kila mfanyakazi wa ofisini anaitwa laoshi, yaani mwalimu, hata kama hajawahi kushika chaki. Mwalimu wangu alikuwa wa umri wangu, nywele fupi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunipa maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, maana ndivyo wanavyomkaribisha mtu. Nikayashika kwa mikono miwili. Kichina changu kilijua maneno ya tope, chujio, bomba na bakteria, naweza kubishana na profesa saa nzima. Lakini sikuwahi kusema kwa lugha ile kwamba sina cha kula. Nilizunguka kwanza. Nikaeleza habari za serikali yetu, habari za benki, habari za hali ya hewa hata. Mwalimu alisubiri. Mwishowe nikasema mimi na mtoto hatushibi, na baada ya kusema nikaona aibu mpaka masikioni, nikanywa yale maji ya moto kwa mkupuo yakaniunguza.

Yeye hakushtuka. Aliandika, akanipigisha sahihi, akasema nisubiri.

Siku zile za kusubiri sizikumbuki sawasawa. Najua kulikuwa na mvua nyembamba isiyoanguka, inaning'inia tu hewani. Najua nilikuwa napita chini ya miti ya barabarani iliyokuwa inapukutisha majani wakati huo huo inachipua mengine, kitu ambacho sijawahi kukizoea, kiangazi na masika mti mmoja. Nilikuwa natembea nikijiona kwa mbali, mwanamke mweusi mwenye tumbo na mwavuli, anakwenda polepole, na nilikuwa namhurumia kama si mimi. Mtoto alikuwa anacheza kidogo sana. Nikilala ubavu wa kushoto anagusa, mguso mmoja, halafu kimya.

Mwalimu aliponiita nilijua nimekataliwa kabla hajafungua mdomo. Alinigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Kumbe uamuzi hautoki kwake, unatoka kwenye mashine inayosoma kadi za kantini. Mwenye dhiki anajulikana kwa anavyokula: mara nyingi, kidogo kidogo, vya bei ya chini. Mimi asubuhi sionekani. Mchana wali wa watu watatu, mayai, bata. Jioni sionekani tena.

"Mashine inasema mchana unakula kama watu watatu," alisema, "na jioni unakwenda kula hotelini."

Nilicheka kwanza. Halafu hasira zikanipanda, na za kwangu hazipandi ngazi, zinatumia lifti. Nilimwambia mashine yake haina macho. Nikamweleza meza yetu yote, dada, mama mkubwa, hotpoti, na kwamba kwetu mtu hapakui akala mwenzake anamtazama, jambo hilo halipo, hata mtoto mdogo akila biskuti anaambiwa ampe mwenzake. Nilisema mengi. Kichina kilikuwa kinatoka kimechanganyika na Kiswahili na nadhani na Kinyaturu cha nyumbani.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema hata wao nyumbani wanakula pamoja, sahani katikati, kila mtu na vijiti vyake, na bibi yake alikuwa anamwekea nyama bakulini bila kuuliza. "Lakini kadi ni ya mtu mmoja," akasema. Angeweza kupeleka ombi langu tena baada ya mwezi. Mwezi huo nile asubuhi, mchana na jioni, kadi yangu, kantini, chakula cha mtu mmoja. Mashine ikinisoma hivyo, msaada utatoka na utaendelea mpaka nimalize masomo, ilimradi niendelee kula hivyo hivyo. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikera, maana sikupata wa kugombana naye.

Nikaenda Xiaobei kuwaambia. Chumba chao kilikuwa kimejaa mikoba mpaka juu, inanukia ngozi mpya, na mama mkubwa alikuwa amepiga magoti anafunga boksi kwa gundi ya utepe. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kompyuta ya Wachina imeniona niko na tumbo ya ng'ombe. Nami nikacheka, tukacheka sana, ile ya watu waliochoka. Mama mkubwa aliendelea kuvuta utepe. Alipofika mwisho akaukata kwa meno, akasema basi hawatakuja tena kantini, na hotpoti hakuna, mpaka mashine iridhike. Yeye atatoa cha kujazia kadi. Nilipotaka kubisha akaniuliza ni nani mwenye mtoto tumboni, mimi au yeye. Nikamshikia boksi lingine afunge.

Basi nikaanza kula peke yangu.

Nilihama kona yetu, nikachagua meza karibu na nguzo. Asubuhi uji wa mchele na yai. Mchana wali na vitu viwili. Jioni vivyo hivyo. Kantini ile ina kelele kama soko, lakini ukikaa peke yako kelele inakwenda juu darini, chini panabaki kimya kizito kama chini ya maji. Kila mtu ameegemeza simu kwenye bakuli lake, anakula huku anatazama mtu mwingine anakula kwenye simu. Nilijaribu na mimi. Nilimweka mama mmoja wa Dodoma anayepika mchicha wa karanga, lakini alikuwa anasema "karibuni" kila baada ya dakika, nikamzima.

Sikuwa na huzuni, nisidanganye. Nilikuwa nimelegea tu. Siku zilikuwa zinapita kama nimo ndani ya basi lenye vioo vya ukungu. Nagusisha kadi, mashine inalia, nakaa, nakula, nasimama, napeleka sinia kwa mama wa kukusanya vyombo. Unyevu ukaisha, joto likaingia. Nilijiambia ninakula mara tatu kwa siku, chakula kizima cha mtu mzima, mtoto lazima atanenepa. Nilimwambia hivyo mume wangu kwenye simu, na safari hii haukuwa uongo, au nilidhani hivyo.

Halafu msaada ukatoka. Ujumbe uliingia nikiwa maabara, na mwalimu wa ofisini akanipigia mwenyewe kunipongeza, sauti yake imechangamka kama msaada ni wake. Nilivua glovu nikaenda moja kwa moja kantini. Nilichukua kila kitu ambacho mtu mmoja anaruhusiwa kukichukua bila kuishangaza mashine: wali mwingi, mguu wa bata, mayai na nyanya, mboga, supu ya mifupa. Nikakaa kwenye nguzo yangu. Nilikula kwa furaha kabisa. Nikashiba, nikafuta mdomo, nikainua sinia kulipeleka.

Na hapo ndipo nilipoliona. Sinia lilikuwa jeupe upande wangu. Upande wa kushoto, ambako mama mkubwa alikuwa anakaa, wali ulikuwa mzima, umekatwa wima kama kwa kisu. Upande wa mbele, ambako dada alikuwa anakaa, mguu wa bata ulikuwa haujaguswa, umesogezwa pale na mimi mwenyewe, maana dada anapenda bata. Nilikuwa nimekula theluthi yangu nikaacha za watu.

Nikasimama pale nimeshika sinia. Nikajaribu kukumbuka la jana, la juzi, la wiki iliyopita, na yote yakanijia na pande zake mbili zimejaa, yanaingia kwenye dirisha la vyombo moja baada ya jingine, na mama yule anayamwaga kwenye ndoo. Mwezi mzima. Mkono wangu ulikuwa unajua mpaka wake, na hakuna aliyeuambia kwamba wenye sehemu zao hawaji. Nilijilazimisha nikarudi nikakaa. Nikachota kijiko cha upande wa mama mkubwa nikakiweka mdomoni. Hakikushuka. Jamani, nilikuwa nimebeba mtoto mwenye njaa, chakula kiko mbele yangu, ni changu kwa muhuri wa serikali, na koo limefunga kabisa. Nilikitema kwenye karatasi. Mahudhurio ya kliniki yalikuwa yamekaribia, nami nilijua atakachoniambia daktari. Nikalia pale pale, kwa sauti, na wale wa simu wakainua vichwa.

Nikampigia mama mkubwa. Sijui nilisema nini, nadhani nilisema sinia tu, sinia. Walikuja na teksi wote wawili, dada bado ana utepe wa gundi umemnata kwenye mkono. Nikawasukumia sinia katikati ya meza. Nikawaambia wale, na mashine ione ikitaka.

Hawakula. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yao kukataa chakula changu, na mimi nikakasirika vibaya, nikawaambia kama wamekuja kunitazama kama sinema basi warudi kwao. Dada alikuwa anaangalia meza. Alisema mimi ni mjinga sana, kwamba wao wamekaa njaa mwezi mzima ili huyu mtoto ale, sasa yeye akishike chakula cha mtoto akipeleke wapi. Nilisikia neno njaa. Sikuwa nimeuliza walikuwa wanakula nini wao, walipokuwa wananijazia kadi.

Mama mkubwa alifungua chupa ya maji akanawa, maji yakamwagikia sakafuni. Akanyoosha mkono upande wake wa sinia, akakata tonge moja la wali, dogo, akalichovya kwenye supu, akala. Alitafuna polepole kama mtu anayekula mlo mzima. Akameza. Akafuta vidole.

"Miye nimeshiba," akasema. "Yenye imebakia ni ya mtoto."

Dada akamtazama, kisha naye akanawa. Alibana kipande cha bata, kidogo cha ncha ya kidole, akakitia mdomoni.

"Na mimi nimeshiba," akasema. "Kula, mathee."

Nikaanza na upande wa mama mkubwa. Wali ulikuwa umepoa. Ulishuka.

Tangu siku ile walikuwa wanakuja kila mchana, wananawa, wanakula tonge moja moja, wanashiba, halafu wanakaa wananisimulia habari za mikoba na mizigo mpaka sinia linakwisha. Tonge moja halionekani kwenye kompyuta. Mahudhurio yalipofika, daktari alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo chake, akapima, akapima tena. Akaniambia nivae. Habari za barua na ndege hakuzigusa. Aliuliza nimebadilisha nini katika ulaji wangu. Nilitafuta Kichina cha kumweleza sinia, pande zake, na koo, nikakikosa chote, nikamwambia wenzangu wameshiba.